Viatu vya Rangi Mbili, Nyumba ya Milango Miwili

Majina yao wote ninayo. Mwenye lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, karani wa miwani, jirani wa upande wa choo, hata jina la mbwa aliyeniuma kisigino nikitafuta nyumba, yote yamekaa kichwani kama sahani kwenye kabati. Lakini siyaandiki. Wajukuu wa mwenye lupango tunakutana kanisani, wananisalimia kwa mikono miwili, na mimi bado ninapenda kusalimiwa.

Wakati huo Wabelgiji walikuwa wangali wanatawala, na Kolwezi ilikuwa inajaa watu kama chungu kinavyojaa povu. Mtu wa mgodi alipewa nyumba na kampuni: matofali, bati, bomba la maji karibu, na posho ya unga juu yake. Bwana yangu hakuwa mtu wa mgodi. Alikuwa fundi wa kushona, mashine yake ilikaa mchana barazani pa duka la Mgiriki mmoja pale mtaa wa Manika, jioni anaibeba kuja nayo nyumbani. Fundi wa kushona hapewi nyumba na mtu. Anatafuta.

Tulikuwa na chumba kimoja tu, nyuma ya nyumba ya mjane muuza munkoyo, kinywaji cha mahindi. Ndani mlikaa kitanda, mashine, na mimi na tumbo langu. Bwana yangu akitaka kumaliza suruali ya mtu, mimi ninapanda kitandani ili yeye apate pa kuweka miguu. Na bei ya chumba hicho, we! Mjane aliipandisha kila aliposikia treni inapiga honi, kwa sababu treni ilikuwa inamletea wapangaji wengine.

Tungeendelea hivyo hivyo, maana mapenzi ya siku za kwanza hayana haja ya nafasi. Lakini mtu wa kwetu akashuka treni, akatufikia akiwa na vumbi bado kwenye nyusi, akasema: "Mama yako anakuya kukukamata mugongo siku ya kuzaa. Anasema umuwekee mulango."

Bwana yangu akauliza, "Na kama mulango haiko?"

"Kama haiko, anarudia na mutoto yake. Atazalia kule."

Mtu wa kwetu haelezwi jambo hili, lakini wajukuu wangu wameoa na kuolewa kila upande, basi nitaeleza. Kwetu, mama wa mke na mwanaume aliyeoa mtoto wake hawaonani uso. Ndiyo bukwe. Akimwona njiani anaacha njia, anaingia kwenye majani, anafunika kichwa na kitambaa mpaka mkwe apite. Hawasemezani. Kulala chini ya bati moja naye, au kupita mlango mmoja naye, ni haya ambayo mvua ya mwaka mzima haiwezi kuiosha. Siku ya ndoa yetu mama yangu alikaa nyuma ya mlango wa jikoni. Kitu kimoja tu alikiona cha bwana yangu, kwa sababu ule mlango wa jikoni ulikuwa haufiki chini: viatu. Vilikuwa vya rangi mbili, kahawia na nyeupe, Mgiriki alikuwa amempa kwa suti aliyomshonea, na Manika nzima hakukuwa na jozi nyingine kama hiyo. Tangu siku ile mama akituma salamu kwa mkwe wake alikuwa anasema, "Munisalimie ile bilatu."

Sasa mnaelewa kwa nini bwana yangu, aliposikia ujumbe ule, alijichoma sindano kidoleni. Chumba kimoja, mlango mmoja. Kumlaza mama kwa jirani haikuwezekana, jirani zetu walikuwa wamelala kama samaki wa kopo. Na mimi nilijua wasichana waliorudi kwao kuzaa kwa sababu ya kukosa nyumba. Mume mjini anatafuta, anatafuta, bei inamkimbia. Baba wa msichana anachoka kungoja. Siku moja unasikia amepewa mwanaume mwingine mwenye mlango.

Nikachukua beseni, nikaweka karanga. Mwanamke mjamzito akiingia kwenye lupango ya watu kuuliza nyumba, anafukuzwa. Akiingia na karanga, anapewa kiti. Karanga zilikuwa kazi yangu ya macho. Nilisoma kamba za nguo, kwa kuwa vitabu sikusoma sana. Nepi zikizidi kwenye kamba, hawa karibuni watahitaji pakubwa. Godoro likianikwa katikati ya juma, hawa wanahama au wamekojolewa. Basi ninauza karanga, ninauliza pole pole ni lipi kati ya hayo mawili.

Nyumba ya kwanza ilikuwa upande wa Musonoi, karibu na shimo la mgodi. Mwenyewe, mama mmoja mnene, alitukaribisha chai. Ilikuwa na vyumba viwili, milango miwili, bei ya chini, na bwana yangu akaanza kunikanyaga mguu kwa furaha. Mimi nikamwambia ngoja, bei ya chini ina sababu. Hatujamaliza kikombe, baruti ya shimo ikalia. Ukuta ukapiga chafya. Kipande cha dari kikashuka, kikaingia ndani ya chai ya mwenye nyumba, pwa! Akakikoroga na kijiko.

"Munazoea," akasema, akanywa.

Tuliondoka bila kumaliza yetu.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mwalimu wa kwaya, Mprotestanti, aliyetaka wapangaji wa kumsaidia kuimba. Sisi Wakatoliki, lakini bwana yangu akasema Mungu ni mmoja. Akasimama, akaimba. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, mtu wa heshima yule, akafunga macho kidogo, akasema: "Tata, nyumba imeisha kupata mutu. Imepata mutu sasa hivi."

Nyumba ya tatu ndiyo hii ninayotaka kueleza.

Ilikuwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa Kasai, mfiwa wa mke, fundi wa matofali aliyeletwa zamani kujenga nyumba za mgodi, akapumzika kazi na kupata lupango yake mwenyewe. Vile vyumba vya nyuma alivijenga kwa mkono wake. Sakafu ya sementi. Dirisha la buluu. Na milango miwili, mmoja unaangalia jikoni, mwingine unaangalia mpapai, na katikati ukuta bila tundu hata la mende. Nilipoiona nikakaa chini juu ya beseni langu la karanga.

Mzee alikuwa anashinda barazani kwenye kiti kirefu, kofia kichwani, anaangalia miguu ya wapita njia. Hakuangalia nyuso. Alipenda mavazi kuliko chakula. Tulipofika mimi na bwana yangu kusema haja yetu, yeye alijibu akiwa ameinamisha macho kwenye vile viatu vya rangi mbili.

"Nyumba iko," alisema. "Lakini karani mumoja amekuya asubui. Eko na miwani, eko na kinga, baiskeli ya kengele. Analipa mbele. Nyie munalipa na nini, na uzi?"

Bwana yangu akasema tutalipa kila mwezi bila kukosa. Mzee akatazama viatu. Bwana yangu akasema atamshonea suruali bure. Mzee akatazama viatu. Hata kuku wa pale walisimama. Mimi nikaguna, kwa maana nilikwishaona mwisho wake. Bwana yangu akainama, akafungua kamba.

Alirudi nyumbani na kandambili za mpira wa gari alizonunua njiani. Mzee alibaki na viatu, ingawa mguu wake ulikuwa mkubwa kuliko viatu, na kuanzia siku hiyo alitembea kama kuku kwenye majivu ya moto. Alisema turudi Jumamosi kuchukua ufunguo.

Jumamosi asubuhi, mjane wetu wa munkoyo akatoka sokoni na habari: "Mama yako ameshaonekana pa stasio! Eko na kinu!" Mama yangu hakuwahi kungoja mwezi uishe kwa jambo lolote.

Tukagawana kazi. Mimi niende kwa mzee kuchukua ufunguo haraka. Jirani yetu mmoja mwanamke aende kumpokea mama. Bwana yangu aende naye kuonyesha mama ni yupi, maana alimjua kwa mwendo na kitambaa chake, yeye akiwa mbali, nyuma ya gari moshi kama inawezekana. Jirani akasema anakuja, anamaliza tu kusuuza. Mnajua kusuuza kwa mtu asiyekuwa na mgeni. Bwana yangu akatangulia, akajificha nyuma ya marundo ya magunia pale stasio, akachungulia kama jirani anakuja. Badala ya jirani, mkono ukamshika shati.

"Weye kijana wa kandambili! Unajificha kazi? Beba hii kinu."

Hii nilihadithiwa na yeye mwenyewe, na kila mara alipohadithia alikuwa anashika shingo. Angeweza kusema nini? Mkwe hamsemeshi mama mkwe. Kusema "mimi ndiye" ilikuwa ni kusema naye, na kukimbia ilikuwa kumwacha mama mkwe na kinu jua kali. Akainamisha kichwa, akabeba. Kinu kichwani, kuku mmoja chini ya kwapa, kifurushi cha samaki wakavu mkononi. Mama akamfuata nyuma na kitambaa chake, mikono mitupu kama mke wa liwali.

Na mdomo wake ukaanza.

"Weye uko bubu? Muzuri. Bubu haendake kusema kwa bantu. Mi ninaenda kwa mukwe yangu. Unamujua? Mushonaji. Ameweka mutoto yangu mu kyumba kimoja kama sungura! Lakini bilatu yake, eeh, inangaa! Bilatu ya rangi mbili, nyumba ya mulango moya. Mi ningekuwa yeye, ningeuza bilatu, ninunue mulango."

Bwana yangu akajikwaa.

"Angalia njia! Na wakati wa ndoa, ile mbuzi alileta, ilikuwa mbuzi ama paka? Tulipika asubui, mangaribi tulikuwa tunatafuta nyama mu muchuzi. Kama unamujua, umuambie." Akatembea kidogo. "Lakini mutoto yangu anamupenda. Hiyo nayo umuambie, hapana kusahau."

Hivyo mpaka Manika, bwana yangu akiongoza njia ya kwa mzee, maana ndiko nilikokwenda kuchukua ufunguo. Jirani mwenye kusuuza walipishana naye njiani, akaona bwana yangu amebebeshwa, akashika mdomo, akarudi mbio kuita wengine.

Wakati huo mimi nilikuwa kwenye lupango ya mzee, na ufunguo sikuupata. Mzee alikuwa amesimama katikati ya uwanja na viatu vyetu mguuni, mikono mgongoni.

"Nyumba ni ya karani," akasema. "Atalipa mbele, mpaka Noeli."

"Tata, na bilatu?"

"Bilatu ilikuwa zawadi. Zawadi haifungulake mulango."

"Tata, mama yangu ameshashuka treni! Akikosa mulango ananirudisha kwetu, na hili tumbo!"

"Mimi nilijenga nyumba, sikujenga tumbo."

Nikapandisha sauti. Nilikuwa na sauti wakati ule, iliyosikika mpaka barabarani. Nikasema yote, mama, karani, viatu, tumbo, nyumba ya milango miwili inayokwenda kwa mtu wa miwani asiye na mama mkwe hata mmoja. Majirani wakaweka vichwa juu ya uzio, kichwa hapa, kichwa pale, kama mahindi yaliyoanikwa. Nilipomaliza pumzi, nikageuka, nikamwona mama yangu amesimama langoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Nyuma yake kinu, na chini ya kinu bwana yangu.

Mama hakunisalimia. Macho yake yalishuka chini, yakaenda polepole kwenye uwanja mpaka kwa mzee, yakasimama kwenye viatu vya rangi mbili.

"Yoo!" akalia. "Mukwe!"

Akatupa kitambaa kichwani, akageuka, akapiga magoti nyuma ya rundo la kuni, akaanza kupiga makofi ya heshima, pole pole, kama kwetu tunavyofanya. Toka chini ya kitambaa akasema, kama anayesema na kuni: "Mukwe yangu, unisamehe. Macho yangu haikukuona. Nilisikia tu habari ya nyumba yako. Aksanti kwa mulango umemuwekea mama yako."

Hapo mzee alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Aseme tu, "Mama, umekosea, mi si mukwe yako." Mtu mwingine yeyote angesema, na hadithi yangu ingeishia stasio. Lakini mzee alikuwa mtu wa Kasai, na huko bukwe ni kali kama kwetu. Alikwishamhofia mama mkwe wake mwenyewe miaka na miaka. Aliposikia "mukwe," aliposikia yale makofi, mwili wake haukungoja kichwa. Akaruka! Kwa vile viatu vya kubana akaruka, akajificha nyuma ya mpapai, akafunika uso na kofia.

Mpapai ni mwembamba. Mzee alikuwa mnene. Kila upande alionekana.

Wanawake wa uzio wakapiga vigelegele. Na kwa vigelegele vile mambo yakaisha. Mwanamke akijificha peke yake, anaweza kuwa amekosea. Mwanaume naye akijificha, amekubali. Mwanaume aliyemkimbia mama mkwe mbele ya watu, halafu akasema "simjui," huyo hana haya, na mtu asiye na haya hata kofia yake haimfai.

"Tata," jirani mmoja akauliza kwa sauti tamu, "mama-mukwe yako atalala wapi? Kwa karani?"

Mpapai ukatikisika. Papai moja bovu likaanguka. Halafu sauti ya mzee ikatoka, ndogo kabisa, ikinisemesha mimi, kwa sababu yeye naye hakuweza tena kumsemesha mama:

"Mutoto... fungulo iko pa musumari. Mulango wa kuangalia jikoni, weka mama."

Nikachukua ufunguo kabla hajapumua mara ya pili. Mama, bado amefunika kichwa, akapita ukuta kwa ukuta mpaka mlangoni. Pale akanong'ona: "Na ile kijana bubu, umupatie mayi ya kunywa. Amebeba muzuri."

Tukahamia siku ile ile. Bwana yangu alipitia mlango wa mpapai, mama mlango wa jikoni, na kati yao ukuta usio na tundu. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alizaliwa mle, mama akinishika mgongo, bwana yangu upande wa pili wa ukuta akishona kwa nguvu ili asisikie.

Aliyepata taabu ni mzee. Alikuwa na mama mkwe ambaye mtoto wake hakumwoa. Mama yangu alipenda kukaa uwanjani tangu jua linatoka, akitwanga, akichagua mchele, akiwa ameangalia baraza. Mzee hakuweza kukaa kwenye kiti chake kirefu. Akitaka kuingia kwake alikohoa tangu barabarani, anangoja mama ajifunike. Mama naye alijifunika polepole, kwa heshima kubwa, akikunja kitambaa na kukikunjua. Mwishowe mzee akawa anapitia tundu la uzio nyuma ya choo, na kofia yake nzuri ikachanika kwenye waya. Bwana yangu aliishona bure.

Iko njia ya kutoka. Mkwe akileta mbuzi, mama mkwe anafunuliwa macho, wanaonana, wanasalimiana, wanaishi. Lakini mzee hakupenda kutoa kitu. Alivumilia tundu la uzio mpaka mvua ilipoanza. Mvua ikajaza njia ya choo, na asubuhi moja tukasikia mbuzi analia langoni. Alikuwa mbuzi mkubwa, si paka. Wanawake wakakusanyika, mama akafunuliwa. Akamtazama mzee usoni, kwa muda mrefu.

"Eeh, mukwe," akasema, "umezeeka mbio namna gani!"

Mzee alicheka mpaka akavua viatu. Akamrudishia bwana yangu, akasema vilikuwa vinamuua tangu siku ya kwanza. Lakini aliendelea kumwita mama yangu "mama-mukwe," yeye aliyemzidi umri, na hilo lilitusaidia kuliko mbuzi. Bei za nyumba Manika zilipanda mwaka kwa mwaka, watu walihama usiku na vyungu vyao, karani wa miwani akapanga kwa mama wa baruti kule Musonoi. Yetu haikupanda. Nani atapandisha bei kwa mama mkwe wake?

Sasa bwana yangu naye akaona haya, kuwa mwenye nyumba amemfunua mama macho kabla yake. Akanunua mbuzi, akamchagua yeye mwenyewe, akampima mbavu kwa vidole. Akavaa vile viatu. Mama akakaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani, mimi na mtoto mgongoni nikakiondoa.

Bwana yangu akakaa mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno ya kueleza, jinsi viatu vilivyokwenda kwa mzee, na jinsi mzee alivyopata kuitwa mkwe. Mama hakutazama viatu kabisa. Alimtazama shingo.

"Kinu ulibeba muzuri," akasema. "Lakini kuku, ulimubana sana."